Barua ya wazi kutoka Tanga: tuhesabieni vifo vyetu, na daktari akiuliza asiogope

Waheshimiwa, shikamooni. Barua hii naielekeza kwa Waziri wa Afya, kwa wakubwa wa TAMISEMI mnaosimamia mikoa na halmashauri, kwa RITA mnaosajili vizazi na vifo, kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na kwa nyinyi wa hapa hapa kwetu, Mkuu wa Mkoa na Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga. Mimi ni katibu wa chama cha kuzikana huku Makorora. Sio daktari wala sio mtu wa siasa, kazi yangu ni daftari na simu. Mtu akifariki mtaani kwetu napigiwa mimi, iwe mchana iwe saa nane usiku, naandika jina la marehemu, umri, nyumba anayotoka, nani kaleta taarifa, alafu nawapigia vijana wa kuchimba, nampigia wa sanda, kama maiti iko hospitali natafuta gari, na kwa sababu kwetu maiti haicheleweshwi basi mara nyingi kufika alasiri tushazika na kina mama washaanza kuinjika chai ya msiba.

Sasa mwaka jana mwezi wa tano nikaandika jina la mdogo wangu, tumbo moja. Miaka arobaini na nne. Alikuwa fundi wa mashine za boti pale Deep Sea, mtu wa kubeba injini peke yake begani. Jumapili kalalamika kifua kinambana, Jumatatu tukampeleka hospitali, Jumanne alfajiri hatunaye. Hospitali siitaji maana sina ugomvi nayo. Karatasi tuliyopewa, sehemu ya sababu ya kifo imeandikwa moyo na mapafu kushindwa kufanya kazi. Nikamfata yule daktari, kijana mdogo mno, nikamwambia mwanangu, mimi nimezika watu wengi na wote moyo ulisimama, ninachouliza huu wa mdogo wangu ulisimamishwa na nini. Hakunijibu pale pale. Baadae akanikuta nje nimekaa chini ya mwarobaini akachuchumaa, akanambia mzee wangu, nakuambia ukweli wa Mungu hata mimi najiuliza, naona wanakuja wengi wa umri huu, natamani mtu akae ahesabu, ila tafadhali usiseme nimesema mimi.

Hayo maneno ya mwisho ndo yaliyonitoa usingizi. Kufa kwa mdogo wangu nimemuachia Mola, lakini kwamba daktari wa serikali, aliyesomeshwa kwa kodi zetu, anaona kitu kinamshangaza na anaogopa kukisema, hilo sijaweza kuliachia.

Niliporudi nikakaa na daftari langu toka la zamani. Mwanzoni kurasa mbili za kaunta buku zilikuwa zinatosha mwaka mzima na nafasi inabaki, miaka ya karibuni zinakwenda nne, na ule mwaka wa 2021 zilikwenda tano. Nikataka kupiga kelele siku ile ile, yani watu wanakufa! Lakini nikajizuia, kwa sababu chama chetu kimekua, wamejiunga watu wa Mabawa na wengine wa Mikanjuni, na waliokuwa na miaka hamsini tulipoanza sasa wana sitini na kitu, kwa iyo kurasa kuongezeka peke yake sio ushahidi. Mtu akiniuliza je Tanga watu wanakufa kuliko zamani, jibu langu la kweli ni kwamba daftari langu haliwezi kujibu. La mtaa mmoja haliwezi. Ila la mitaa yote lingeweza, na hilo ndilo ninalowadai.

Wataalamu wana jina la hesabu yenyewe, wanaita vifo vya ziada. Ni kitu chepesi kuelewa. Unaangalia miaka kadhaa nyuma, kwa kawaida mwezi kama huu wanakufa watu wangapi, unaweka na hesabu ya watu walivyoongezeka na wazee walivyoongezeka, alafu unalinganisha na waliokufa kweli. Kile kinachozidi ndo ziada. Na uzuri wake haijali daktari kaandika nini kwenye cheti, aliyekufa kafa, anahesabiwa. Kwa njia iyo Shirika la Afya Duniani mwezi wa tano 2022 likatangaza kwamba ile miaka miwili ya korona, 2020 na 2021, dunia ilipoteza watu kama milioni 14.9 zaidi ya ilivyotarajiwa, wakati vifo vya korona vilivyoripotiwa na nchi zenyewe vilikuwa kama milioni 5.4 tu. Tazameni hiyo tofauti. Na kwa nchi zisizokuwa na usajili wa vifo wa kueleweka ikabidi wakadirie tu kwa kompyuta, na sisi tumo humo. Shirika hilo hilo lilishasema kwamba katika kila vifo kumi Afrika, kinachosajiliwa ni kimoja. Kimoja! Wazazi wetu, wake zetu, tumewaosha kwa mikono yetu, na kwenye vitabu vya dunia wamekadiriwa.

Wenzetu wanaohesabu, madaktari wao wanauliza mchana kweupe. Uingereza kwenye baridi ya kuingia 2023 kiongozi wa chuo cha madaktari wa huduma za dharura, Dkt. Adrian Boyle, alisimama akasema kila wiki watu kati ya 300 na 500 wanakufa kwa sababu ya kuchelewa kuhudumiwa hospitali. Wakubwa wa huduma ya afya wakaipinga hesabu yake, watu wa takwimu wakaingia kati, nchi nzima ikabishana juu ya namba, na yeye akabaki kwenye nafasi yake. Australia nako wale wataalamu wa hesabu za bima za maisha wakatoa kwamba mwaka 2022 vifo vilizidi kwa asilimia kama 12, watu kama 20,000 hivi, na karibu nusu yake ndo korona moja kwa moja, sasa ile nusu nyingine ni nini? Moyo? Watu waliokosa kliniki kipindi cha kufungiwa ndani? Walikubali kuulizana mpaka Seneti yao ikafanya uchunguzi mwaka 2024.

Na wapo madaktari huko huko waliosema chanjo ndo inaua, na wallahi hayo ndo yaliyofika huku kwetu kwa kasi. Kila msiba wa mtu mzima asiyekuwa mzee, kabla hatujafika makaburini kuna mtu ana simu mkononi anasema si mmeona, chanjo hiyo. Hata kwa mdogo wangu lilisemwa, tena mbele ya mjane wake. Mimi nilichanja, ile ya Johnson & Johnson ambayo Rais alizindua mwenyewe mwezi wa saba 2021, na nilipoulizwa sikuwa na namba ya kwetu ya kumjibu mtu. Nilikuwa na za wenzetu tu. Uingereza walivyopanga vifo kwa waliochanja na wasiochanja, waliochanja walikuwa wanakufa na korona kwa kiwango cha chini. Na hiyo hiyo Johnson & Johnson, Marekani mwezi wa nne 2021 waliisimamisha kwa siku kumi baada ya kuona watu 6 wamepata damu kuganda isivyo kawaida, 6 katika dozi zaidi ya milioni 6.8, wakachunguza, wakaweka onyo, wakaendelea. Watu sita katika milioni karibu saba wakaonekana! Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja kaandikwa. Sasa mimi katibu niliyekuwa nawatetea madaktari pale msibani ningewatetea kwa nguvu zaidi kama ningeweza kusema jamani, mkoa wa Tanga mwaka huu wamefariki watu kadhaa wa umri huu, wa presha kadhaa, wa ajali za bodaboda kadhaa, haya hapa yamebandikwa. Lakini ubao mtupu, na penye ubao mtupu kila mtu anaandika lake.

Naomba mnivumilie kidogo niseme la 2021 maana bado linatuuma. Hesabu rasmi ya korona ilikuwa imesimama toka mwanzo wa mwezi wa tano 2020, wagonjwa 509, vifo 21. Ikasimama hapo. Alafu mwezi wa pili na wa tatu 2021 sisi huku tukawa tunazika hadi wachimbaji wanakata tamaa, vijana wanne wale wale, wakitoka kaburi hili wananiuliza katibu kuna lingine? Tulikuwa tunaambiana kwa kunong'ona kwamba ni changamoto ya kupumua, ndo neno lililokuwepo. Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, chama chake kilisema wazi kwamba alipata korona, na akafariki tarehe 17 mwezi wa pili. Na katibu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, Padri Charles Kitima, akatoka akasema ndani ya miezi miwili kanisa limepoteza mapadri zaidi ya 25 na masista 60. Mimi ni Muislamu lakini siku ile nilimshukuru yule padri moyoni. Aliweza kusema kwa sababu kanisa linawaandika watu wake, padri akifa anajulikana alikuwa parokia gani. Ndo tofauti yenyewe. Penye daftari mtu anaweza kusema.

Mama Samia alipoingia akaunda kamati ya wataalamu, namba zikaanza kutoka tena, chanjo zikaja, na kwa hilo tunamshukuru kwa dhati. Ila woga hautoki kwa siku moja. Madaktari wetu wanakumbuka mwezi wa kumi na mbili 2016, Dkt. Mwele Malecela, Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, alitangaza matokeo ya utafiti kuhusu virusi vya Zika, na ndani ya siku moja mbili uteuzi wake ukatenguliwa. Mama yule alikwenda Shirika la Afya Duniani, akaongoza idara nzima ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele mpaka umauti ulipomkuta 2022. Wanakumbuka na marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018, kwamba kutoa namba inayopingana na ya serikali ni kosa la jinai. Mwaka uliofuata yakarekebishwa tena hilo la jinai likatoka, sawa, lakini nani amekwenda kuwaambia wale vijana wodini? Yule wa chini ya mwarobaini hakuambiwa. Yeye anajua hadithi za waliotumbuliwa tu.

Na sio kwamba kuuliza ni mambo ya Wazungu. Naomba niwakumbushe kitu kilichofanyika hapa hapa mkoani, Hospitali Teule Muheza, mwendo wa daladala kutoka Tanga mjini. Zamani mtoto akiletwa na homa kali mwili umepoa miguu ya baridi, damu haizunguki vizuri, vitabu vya nchi tajiri vilikuwa vinasema mwagia dripu ya haraka, maji mengi ndani ya muda mfupi. Ndo ilikuwa inafundishwa, na mtu mwenye akili zake angeona ni sawa kabisa. Wakatokea madaktari waliosema hebu tuhakikishe. Wakafanya utafiti Kenya, Uganda, na hapa kwetu Muheza, watoto 3,141, wengine wakapewa dripu ya haraka na wengine hawakupewa, huduma nyingine zote sawa. Matokeo yakatoka 2011. Katika kila watoto mia waliopewa dripu ya haraka, ndani ya saa 48 walikufa kama kumi na nusu, na kwa wasiopewa walikufa saba na kidogo. Yani tiba yenyewe, iliyotolewa kwa nia njema na wauguzi wema kabisa, ilikuwa inaongeza vifo vitatu kwa kila watoto mia. Utafiti wenyewe ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu wasimamizi waliona namba haziruhusu kuendelea.

Nifikirieni hapo kidogo. Hakuna daktari mmoja aliyekaa na mtoto mmoja angeweza kuligundua hilo. Mtoto akifa baada ya dripu unasema alikuwa hoi, alichelewa kuletwa, amri ya Mungu. Vitatu katika mia havionekani kwa macho, hata uwe na huruma kiasi gani. Vinaonekana kwenye karatasi tu, baada ya kuhesabu. Na matokeo yale dunia nzima iliyasoma, kwa sababu ya watoto wa Muheza, wa Kilifi, wa Mbale. Kuna wazazi wa mkoa huu walikubali watoto wao waingie kwenye ule utafiti. Nikisikia mtu anasema mwananchi wa kawaida hataelewa mambo ya takwimu huwa nawafikiria wale kina mama.

Na kuna mwingine wa kabla ya huo, hospitali 10 za huku kaskazini mashariki, ulitoka 2004. Wagonjwa 4,474 waliokuwa mahututi wakitibiwa kama wana malaria, damu zao zilipopimwa kwa umakini waliokutwa na vijidudu vya malaria hawakufika nusu. Na wale ambao hawakuwa na malaria ndo waliokufa zaidi. Kwa iyo makaburini kwetu kuna watu wengi tu ambao familia zao mpaka leo zinasema baba alikufa na malaria, na haikuwa malaria. Ilikuwa nini? Ndo hivyo. Sasa hivi vipimo vya haraka vipo kila zahanati na hali imebadilika, nakubali, ila badala ya malaria neno la siku hizi ni presha. Kila kitu presha. Kaanguka chooni, presha. Kalala hakuamka, presha. Inaweza kuwa kweli, na kama ni kweli basi ni balaa kubwa na dawa za presha zingekuwa zinajaa kila zahanati, na kama sio kweli tunatibu kivuli. Namna zote mbili tunahitaji kujua.

Alafu ile karatasi ya sababu ya kifo. Nimekuja kuelezwa kwamba fomu yenyewe ya kimataifa ina mistari kadhaa kwa makusudi, wa kwanza kilichomuua moja kwa moja, unaofata kilichosababisha hicho, unaofata chanzo cha mwanzo kabisa, na takwimu za nchi zinatakiwa zichukue kile cha mwanzo. Moyo kusimama sio chanzo, ni namna tu ya kufa. Mdogo wangu mistari yote ya chini ilikuwa mitupu. Watafiti wa NIMR waliwahi kupekua vitabu vya hospitali 39 kwa miaka ya 2006 mpaka 2015, wakakusanya vifo karibu laki mbili na nusu, malaria ikaongoza. Kazi kubwa na nzuri mno. Ila ilibidi watume watu wakafukue madaftari hospitali moja moja kwa mambo yaliyopita miaka kumi, na hao ni waliofia hospitali, waliofia nyumbani hawamo. Mtaani kwangu wengi wanafia nyumbani.

Mtaniambia hatuna uwezo. Waheshimiwa, Rufiji si hapo tu Pwani? Miaka ya tisini kuelekea elfu mbili Wizara ya Afya yenyewe, kwa kushirikiana na Wakanada, ilipeleka watu nyumba kwa nyumba huko Rufiji na Morogoro vijijini, wakawa wanaandika kila anayezaliwa na anayekufa, na aliyekufa nyumbani wanakwenda kuongea na ndugu zake taratibu, aliumwa siku ngapi, alikohoa, alivimba, alitapika, mkojo ulikuwaje, mpaka madaktari wanaosoma yale majibu wanaweza kukisia kwa uhakika mzuri alikufa na nini. Wakaja kugundua malaria inachukua kama asilimia 30 ya mzigo wote wa maradhi lakini kwenye bajeti ya wilaya inapewa asilimia 5. Hakuna aliyekuwa mwizi, hakuna aliyekuwa mbaya, hawakuwa wanajua tu. Wakapanga upya pesa zifate maradhi, nyongeza haikufika hata dola moja kwa mtu kwa mwaka, na ndani ya miaka mitano hivi vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40. Sio madawa mapya, sio hospitali ya ghorofa. Kalamu na bajeti iliyosikiliza kalamu.

Na la kina mama wajawazito pia tumeliona kwa macho. Siku hizi mama akifa kwa uzazi taarifa inatakiwa ipande ndani ya saa 24 na kinakaliwa kikao kwa kifo hicho kimoja, nani alichelewa, damu ilikuwepo, gari lilikuwa wapi. Utafiti wa afya wa 2015-16 ulisema kina mama 556 katika kila vizazi hai laki moja, wa 2022 ukasema 104. Kwa iyo mnaweza. Mkiamua kila kifo kihesabike na kiulizwe, kinahesabika na kinaulizwa. Mimi naomba huo moyo uende na kwa baba wa miaka arobaini na nne aliyebanwa kifua.

Ombi langu la kwanza, usajili wa kifo uje mtaani. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ipo na inatupa siku 30, lakini nani anakwenda? Mtu anakwenda RITA pale tu penye mirathi au mafao, asiyeacha nyumba wala akaunti haandikwi, na maskini wengi hawaachi kitu. Mlipoamua vyeti vya watoto wa chini ya miaka mitano vitolewe bure zahanati na ofisi ya kata, na taarifa ziende kwa simu, si watu walijitokeza? Fanyeni hivyo hivyo kwa vifo, bure, bila faini ya kuchelewa, mtendaji wa kata apokee kutoka kwa maimamu, wachungaji, wajumbe, na sisi makatibu wa kuzikana. Hakuna maiti inayokwenda kaburini Tanga hii bila mmoja wetu kujua. Sisi tunaijua kabla ya kila mtu. Tumieni.

La pili, kwa wanaofia nyumbani watumeni wahudumu wa afya wa jamii waliofundishwa kufanya yale mahojiano ya Rufiji. Hatuombi maiti zipasuliwe, mnajua kwetu ni zito na sitaki mtu aje alitumie hilo kukataa jambo zima. Kuongea tu. Ila waje kwa adabu, baada ya arobaini, na kama marehemu kaacha mjane na bado yuko eda basi atumwe mwanamke akakae nae ndani, sio kijana wa kiume anabisha hodi na kishkwambi mkononi. Hili dogo msilipuuze, mkilikosea watu watafunga milango na hamtopata kitu.

La tatu, namba zitoke. Kila mwezi, mkoa kwa mkoa, umri, mwanamke mwanaume, zikae ambapo yeyote anaziona, hata kama mwezi huo ni wa aibu. Hasa mwezi wa aibu. Namba ikifichwa mwezi mmoja, miezi kumi na moja mingine nayo haiaminiki.

Na la mwisho ndo zito kwangu. Waziri atoe waraka, uliosainiwa, ubandikwe kila wodi, kwamba daktari au muuguzi anayeona vifo visivyo vya kawaida na akauliza kwa nini, ndani ya vikao au mbele ya watu, hatahamishwa, hatasimamishwa, hataitwa mchochezi. Anaweza kuwa amekosea. Hesabu ya yule wa Uingereza nayo ilibishiwa na waliokuwa na haki ya kubisha. Lakini akikosea ajibiwe kwa namba, aambiwe umekosea hapa na hapa. Na kuna madaktari watakaosema mambo ya hovyo kabisa pia, kama waliokuwepo huko ng'ambo, nao wajibiwe kwa namba, maana mkiwanyamazisha watu wataamini wao ndo wenye siri. Mimi nimekaa misibani miaka mingi, najua uvumi unavyotembea, haujawahi kuzimwa kwa kukatazwa.

Daftari langu nimeliongeza safu toka mwezi wa kwanza mwaka huu, nimepiga mstari kwa rula, nimeandika juu yake sababu. Naandika wanavyosema wenyewe, sukari, presha, homa siku nne, bodaboda, uzazi, alilala hakuamka, hatujui. Hatujui zimekuwa nyingi. Wa mdogo wangu nilirudi nyuma nikamuandikia moyo, alafu nikaweka alama ya kuuliza.

Nimeshatoa fotokopi tatu za kurasa zote toka tuanze, moja ya ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa, moja ya RITA wilaya, moja ya mtendaji wetu wa kata. Majina nimeyaziba kwa karatasi kabla ya kupiga kopi, nimeacha umri, jinsia, mwezi na mtaa. Nimeshaongea na makatibu wenzangu wawili, wa Duga na wa Chumbageni, nao wanatoa za kwao. Jumatatu asubuhi nazileta kwa mkono wangu, naomba tu awepo mtu wa kuzipokea na kunisainia kwamba amezipokea.

Wenu,
Katibu wa kuzikana, Makorora, Tanga